Nambari 92: Mkenya Aliyevuta Mkia Kwa Theluji, na Kwa Nini Bingwa wa Dunia Alimngoja

Kila Olimpiki ya Majira ya Baridi ikifika, kuna picha moja huanza kuzunguka tena kwa simu za Wakenya. Jamaa mweusi amevaa nguo za kubana, amechoka hadi anaonekana kama ataanguka, na mzungu amemkumbatia kwa mstari wa kumaliza. Halafu kuna msee lazima ataandika: "Kwani huyu alienda kutafuta nini huko?"

Huyo jamaa ni Philip Boit. Siku hiyo alimaliza nambari 92. Nyuma yake hakukuwa na mtu aliyemaliza. Na kama wewe ni mmoja wa wale hucheka hiyo picha, tulia kiasi, juu hii stori ina vitu mingi kuliko hiyo namba. Nimeamua kuieleza polepole: alifika aje huko, mbona aliachwa vile, na kama team Kenya kwa theluji ni mchezo tu ama kuna kitu hapo.

Alitoka wapi?

Boit ni mtu wa Eldoret, alizaliwa 1971. Na jina lake si geni kwa watu wanaojua mbio. Mike Boit, yule alichukua shaba ya mita 800 pale Munich 1972, ni mjomba wake. Philip mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Sasa wewe jua vile Eldoret iko: ukikimbia mita 800 na uko sawa, kuna wengine mia wako sawa kukushinda. Kuingia timu ya taifa ni ngori.

Mwaka wa 1996, kampuni ya Nike ikaja na wazo. Ilitaka kujua hivi: ukichukua mkimbiaji Mkenya, mapafu yake yamezoea milima, umfunze kuteleza kwa theluji, atafika wapi? Wakachaguliwa wawili, Boit na Henry Bitok, wakapelekwa Finland. Fikiria hapo. Mtu ametoka ushago Eldoret, hajawahi kuona theluji, anashuka kwa ndege anapata kila kitu ni nyeupe na baridi inakula masikio.

Wengi walisema hiyo ni biashara tu, kampuni inatafuta matangazo na inatumia Waafrika. Na ukweli usemwe, kampuni ya viatu haifanyi kitu bure. Lakini ukiangalia upande wa Boit, hesabu inabadilika. Kuna mtu amekuja na tiketi, kocha na vifaa, anakuambia jaribu. Ungekataa? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so najua vile mlango moja ukifungwa unaangalia dirisha bila kuuliza nani ameliacha wazi.

Siku yenyewe, Nagano 1998

Ni Februari 12, 1998, mahali panaitwa Hakuba, kwa Olimpiki ya Nagano huko Japani. Mbio ni kilomita 10 za skii za masafa, mtindo wa klasiki. Hizi si zile za kushuka mlima kwa spidi kama unaona kwa filamu. Hizi ni za nguvu: unapanda, unashuka, unasukuma na fimbo mbili mkononi. Ukitaka kuzifananisha na kitu unajua, ni ile "cross country" ya shule, tofauti ni kwamba miguuni umefunga mbao ndefu na chini kuna barafu.

Hawaanzi pamoja. Mmoja anatoka, baada ya sekunde 30 anatoka mwingine, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila mtu anapigana na saa yake.

Siku hiyo mvua ilinyesha. Theluji ikawa maji maji, nzito, inashika. Boit akaanguka, akaamka, akaanguka tena. Watu wanamaliza, yeye bado ako huko nje.

Matokeo yalisoma hivi: Bjørn Dæhlie wa Norway, nambari moja, dakika 27 na sekunde 24.5. Philip Boit wa Kenya, nambari 92, dakika 47 na sekunde 25.5. Tofauti ni dakika 20 na sekunde moja.

Lakini shika hii: 92 ni nambari ya waliomaliza. Kuna wengine walianza hiyo mbio na hawakuimaliza. Boit aliimaliza.

Mbona aliachwa hivyo, na Wakenya wana mapafu?

Hapa ndio watu hukosea sana. Tunadhani kukimbia na skii ni kitu kimoja juu zote zinataka pumzi. Pumzi ni sehemu moja tu ya hiyo kazi. Ziko zingine nne, na zote zilikuwa zinampinga.

Ya kwanza ni mikono. Kwa skii za masafa, mikono, mabega na mgongo zinafanya kazi kubwa sana. Mkimbiaji wa mita 800 mwili wake umejengwa wepesi juu, nguvu ziko miguuni. Boit alifika na nusu ya injini bado haijajengwa.

Ya pili ni usawa wa mwili. Kwa mtindo wa klasiki, unasimama kwa skii moja, unateleza, unahamia nyingine. Ile sekunde unateleza ndio unapata mwendo wa bure. Kama usawa wako hauko fiti, huo mwendo unakatika, kila hatua unaanza upya. Ni kama mtu anaendesha baiskeli na breki imeshika. Mtoto wa Norway anafungwa skii miguuni karibu wakati anajifunza kutembea. Boit alianza na miaka 24, na alikuwa na miaka miwili tu ya kujiandaa.

Ya tatu ni nta. Hii wengi hawaijui. Chini ya skii ya klasiki, pale katikati, hupakwa nta maalum ya kushika theluji ukisukuma, halafu iachilie ukiteleza. Hiyo nta inategemea joto na unyevu wa theluji ya siku hiyo. Ukikosea, ama unarudi nyuma kwa mlima ama theluji inagandama kwa skii unabaki unabeba mzigo. Timu kubwa kama Norway zina watu kazi yao ni nta pekee. Sasa weka mvua juu ya hiyo hesabu, na uone nani ataumia kwanza.

Ya nne ni kuzoea. Kama theluji haiko nyumbani, unafanya nini? Boit akiwa Kenya alifanya mazoezi na skii za magurudumu kwa lami. Inasaidia mikono na pumzi. Lakini lami haibadiliki kila saa kama theluji, na haikufunzi kushuka mteremko umeloa.

Ndio uone vile mambo iko, angalia mwezi uliofuata. Machi 1998, huko Marrakech, kwa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, Paul Tergat alishinda mara ya nne mfululizo. Wanaume wa Kenya walikuwa katikati ya ubingwa wa timu ambao waliushika bila kuachilia kutoka 1986 hadi 2003. Nchi ni ile ile na mapafu ni yale yale. Tergat alikuwa kwa udongo ambao tumekulia, Boit alikuwa kwa kitu ambacho tunakiona kwa friji.

Yule mzungu alifanya nini?

Sasa tuje kwa ile picha. Dæhlie hakuwa mtu mdogo. Hiyo dhahabu ilikuwa ya sita kwa maisha yake ya Olimpiki, na alimaliza Nagano akiwa na nane. Kwao Norway huyo ni kama vile sisi tunamuona Eliud Kipchoge.

Ameshinda, sherehe ya washindi inataka kuanza, maofisa wanataka ratiba iende. Dæhlie akakataa. Akasema kuna mtu bado ako njiani, wamngoje. Boit alipofika kwa mstari, na mashabiki wanampigia makofi kama ameshinda, mtu wa kwanza kumkumbatia alikuwa bingwa mwenyewe.

Watu wengi huchukua hiyo kama huruma. Mimi sioni hivyo. Dæhlie ni mtu alijua hiyo njia vile ilikuwa siku hiyo. Alijua kila mlima na ile theluji imelowa. Alipoona mtu ako kwa miaka miwili tu na hajatoka kwa mbio, alielewa kitu ambacho sisi wa kochi hatuelewi. Mtu anayejua kazi ndio huheshimu anayejaribu kazi.

Boit hakusahau. Aliporudi nyumbani na kupata mtoto wa kiume, alimpa jina Dæhlie. So kuna Mkalenjin mahali anaitwa Dæhlie Boit, na hiyo si utani.

Hakuishia hapo

Kama ilikuwa matangazo tu, stori ingekufa 1998. Kamera zimeondoka, kampuni imepata picha yake. Lakini Boit alirudi.

Olimpiki ya Salt Lake City 2002, Marekani, alikuwa huko. Kwa mbio fupi za kilomita moja na nusu alishika nambari 64, na hakuvuta mkia. Olimpiki ya Turin 2006, Italia, akiwa na miaka 34, aliingia kilomita 15 za klasiki na akamaliza nambari 91. Tena kulikuwa na watu nyuma yake.

Unaona hizo namba zinaongea? Sitakudanganya eti alikuwa karibu na medali. Hakuwa. Lakini mtu aliyekuwa wa mwisho kabisa alifika mahali anaacha wengine, na alitumia karibu miaka kumi kufika hapo. Hakuwa na theluji kwake wala timu ya kumzunguka. Kwa sherehe ya kufungua, Kenya ilikuwa ni yeye.

Halafu akaja Sabrina

Baada ya Turin, Kenya ilikosa Olimpiki mbili za baridi, Vancouver 2010 na Sochi 2014. Bendera ikarudi PyeongChang 2018, Korea Kusini, imebebwa na msichana wa miaka 19. Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa Kilifi, na akiwa mtoto wa miaka mitatu akahamia Austria na mamake. Huko baba yake wa kambo ndio alimuingiza kwa skii.

Stori yake ni tofauti na ya Boit. Yeye alikulia kwa theluji, na mchezo wake ni ule wa kushuka mlima. Kwa giant slalom alimaliza nambari 59. Kwa super-G, hapo ndio patamu, nambari 38.

Super-G ni nini? Unashuka mlima mara moja tu, unapita kati ya milingoti iliyopangwa mbali mbali, na spidi inaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Hakuna mkanda, hakuna gari, ni wewe na mbao mbili. Ukikosea kona moja, uko kwa wavu.

Na hiyo mbio haikuwa mbio ndogo. Ni ile Ester Ledecká wa Czech, msichana ambaye watu walikuwa wanamjua zaidi kwa snowboard, alishinda dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.01 tu, hadi yeye mwenyewe akasimama akiangalia saa kama imeharibika. Mkenya alikuwa kwa orodha hiyo hiyo.

Kwani mtu yeyote anaweza enda?

Hii ndio swali nasikia sana. "Si hata mimi naeza jiandikisha niende nikae wa mwisho?"

Hapana buda. Kwa michezo ya kushuka mlima kuna alama za Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS. Hizo alama ziko upside down: wale wakali wako karibu na sifuri, na ukiwa mbali nao alama zako zinapanda. Kwa PyeongChang 2018, nchi ndogo iliruhusiwa kupeleka mwanaume mmoja na mwanamke mmoja kwa slalom ama giant slalom, lakini lazima wastani wa alama zao kwa mbio tano uwe si zaidi ya 140. Kwa super-G ilikuwa kali zaidi, si zaidi ya 80.

So huwezi amka tu. Unahitaji kushindana mara nyingi, kwa mbio zinazotambuliwa, na hizo mbio haziko Nakuru. Ni ndege, hoteli, kocha, skii zaidi ya moja, na ada ya kupanda mlima kwa lifti kila siku. Hapo ndio pesa inachuja watu kabla theluji haijawachuja. Ndio maana ukiangalia Wakenya wawili wa kwanza kufika huko, mmoja alilipiwa na kampuni na mwingine alikulia Ulaya. Mtoto wa Kayole hajapata njia ya tatu bado.

Tulikuwa wapi kwa mbio?

Kabla hujacheka namba za theluji, nikukumbushe kitu. Kenya ilienda Olimpiki mara ya kwanza 1956, Melbourne. Medali ngapi? Sufuri. Roma 1960? Sufuri. Medali ya kwanza ilikuja Tokyo 1964, shaba ya Wilson Kiprugut kwa mita 800. Dhahabu ilingoja hadi Mexico 1968, wakati Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott walilipuka.

Yaani hata kwa mbio, kitu tunajiita wafalme, kuna watu walienda wakarudi mikono mitupu ndio wengine wajue njia. Hakuna anawakumbuka sana, lakini bila wao hakuna Temu.

Na ugeuze meza pia. Norway ina watu zaidi ya milioni tano kidogo, si mbali sana na Nairobi pekee, ambayo sensa ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. PyeongChang 2018 walibeba medali 39, dhahabu 14. Lakini Olimpiki ya kiangazi ya Rio 2016 hao hao walipata shaba nne, basi. Hakuna dhahabu, hakuna fedha. Kenya huko Rio ilikuwa na dhahabu sita, fedha sita na shaba moja. Hakuna mtu alisema Wanorway wachoma picha wakae nyumbani. Kila mtu ana uwanja wake alikulia.

Sai kuna nini?

Ukipita Mombasa Road hapa Nairobi, kuna hoteli ya Panari yenye uwanja wa barafu ndani. Huko ndio Kenya Ice Lions walianza, mbogi ya vijana wa magongo ya barafu. Kwa muda mrefu hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo hapa nchini, so walikuwa wanajigawa wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 2018 walialikwa Canada, wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakiwa upande wao. Na 2024 Kenya ikaingia kwa shirikisho la kimataifa la mchezo huo kama mwanachama mshiriki.

Ni barafu ya ndani ya hoteli, ni ndogo, na haitoshi. Lakini ni barafu ambayo unaifikia na mat. Hiyo Boit hakuwa nayo.

Hadi Beijing 2022 hakuna nchi ya Afrika iliyowahi kupata medali ya Olimpiki ya baridi. Yeyote. Siku moja itakuja, na labda haitakuwa yetu. Lakini ikiwa yetu, huyo msee ama mresh atakuwa na mahali alianzia, na ni pale kwa mvua ya Hakuba, jamaa wa Eldoret akianguka, akiamka, na dunia yote ikiwa imeshamaliza.

So next time hiyo picha ikifika kwa simu yako na mtu aulize alienda kutafuta nini, mwambie alienda kumaliza. Na alimaliza.